Dagaa Wasiooshwa

Nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa Meru juu ya Kikatiti, dagaa walioshwa kabla ya mtu yeyote kufikiria kuwapika. Mama alichemsha maji, akayamimina kwenye beseni juu ya dagaa, akawasugua taratibu kwa viganja, akamwaga. Kisha maji mengine. Kisha mengine tena. Mchanga ulibaki chini ya beseni kama unaobaki kando ya mto baada ya mafuriko. Hata hivyo, tulipokaa kula, lazima mmoja wetu angeacha kutafuna ghafla na kutazama juu.

"Kapata!" tungepiga kelele, na wote tungecheka.

Aliyepata mchanga siku hiyo hakuosha vyombo. Ndiyo ilikuwa sheria ya mama, fidia ya meno. Mdogo wangu wa kike alipata mchanga mara nyingi kuliko sisi wote, hata siku za maharage.

Babu hakugusa dagaa. Alikunywa loshoro yake ya mahindi na maziwa mgando, akatutazama tukila, akasema kwamba kitu kinachoishi majini na hakina miguu ni ndugu wa nyoka, na kwamba yeye hawezi kuanza kula ukoo wa nyoka katika umri wake. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Nilipomaliza darasa la saba, kahawa ilikuwa imeanza kuwachosha watu. Zamani chama cha ushirika kilinunua yote, na baba alijua bei kabla ya kuchuma. Sasa walikuja wanunuzi binafsi na magari yao, leo wana bei hii, kesho ile, na majirani kadhaa waling'oa mibuni wakapanda nyanya. Lakini ruksa hiyohiyo ya kila mtu kufanya biashara, iliyoiyumbisha kahawa, ilifungua njia nyingine. Mtu wa kawaida aliweza kupanda basi, akanunua kitu mahali anapopajua, akarudi kukiuza gulioni. Kikatiti ilijaa mashati ya mitumba, redio ndogo, na sabuni ambazo hatukuwahi kuziona. Mimi nilichagua dagaa wa baharini, kwa sababu shangazi yangu alikuwa ameolewa Tanga na nilikuwa na pa kulala.

Tatizo langu lilikuwa mdomo. Sijui kuita wateja. Tangu utotoni neno linanikwama mahali fulani kati ya kifua na meno, na likitoka, aliyekuwa analisubiri ameshaondoka. Kwenye gulio nilitandaza turubai langu kati ya akina mama wawili wenye sauti kubwa. Wa kulia aliuza dagaa wa Ziwa Viktoria, wa kushoto aliuza vitunguu. Kuuza dagaa kwetu ilikuwa kazi ya wanawake, na mama wa vitunguu hakuniacha nisahau.

"Wewe kijana," aliniuliza siku ya kwanza, "unauza au unalinda?"

Nilipoinama kupanga dagaa wangu, akawageukia watu wanaopita. "Njooni mnunue kwa huyu askari! Dagaa wake hawajaibiwa hata mmoja!"

Siku nyingine nilirudi na gunia karibu kama nilivyolipeleka. Mwishowe mama akaniambia, kwa upole, kwamba kama mpaka mvua za vuli biashara haijasimama, nitakwenda mjini, Sokon I, kwenye gareji ya baba mdogo, nikaoshe magari. Nilimpenda baba mdogo. Lakini mimi nilipenda gulio. Nilipenda kukaa katikati ya watu wengi bila kulazimika kuanza mazungumzo, kusikia bei zikipanda na kushuka, kunusa ndizi na tumbaku na vumbi. Sikutaka kwenda kuosha magari ya watu nisiowajua.

Basi nilikuwa na mpaka vuli.

Safari yangu iliyofuata ya Tanga ndiyo iliyonikutanisha na dada mtafiti. Kwenye ufukwe nilikozoea kununua, akina mama walichemsha dagaa kwa maji ya chumvi kwenye mapipa yaliyokatwa, wakawamwaga juu ya mchanga wakauke. Kuku walipita juu yao bila haraka. Mara hiyo nikaona kitu kipya. Pembeni, baadhi ya wanawake walikuwa wameanika dagaa wao juu ya chanja za miti zilizotandazwa nyavu chakavu, juu kabisa, upepo unapita chini na juu. Dagaa walikuwa weupe, wametulia, hawana hata punje ya mchanga.

Aliyewaletea wazo hilo alikuwa msichana wa chuo kikuu, mzaliwa wa hukohuko pwani. Alikuwa anafanya utafiti. Niliposikia neno hilo nilidhani ni mambo ya hospitali. Lakini utafiti wake ulikuwa wa dagaa. Alikuwa amekaa na akina mama wale kiangazi na masika, akiangalia ni samaki wangapi wanaoharibika mvua ikiwakuta mchangani, na akawaeleza wachuuzi tuliosimama pale kwa maneno niliyoyaelewa mara moja.

"Samaki anayeozea ufukweni amevuliwa bure," alisema. "Bahari imetoa, mvuvi amechoka, mama hakupata kitu. Kesho yake wanavua wengi zaidi kufidia. Wakikauka juu ya chanja haozi hata mmoja. Wavuvi watavua kidogo, watapata kilekile, na bahari nayo ipumue."

Shida ilikuwa moja. Kutengeneza chanja kulichukua miti na kazi, kwa hiyo dagaa wale walipanda bei kidogo, na wachuuzi wa bara hawakuwataka.

"Kwetu watu wameshazoea mchanga," alisema mchuuzi mmoja wa Moshi. "Usipokuwepo watadhani wamepunjwa."

Wote wakacheka. Dada mtafiti akacheka pia, lakini nikaona kwamba neno hilo limemuuma. Akanigeukia mimi.

"Nawe kaka, watokea wapi?"

"Meru."

"Huko kwenu watu hawawezi kununua hawa?"

Nilitaka kusema kwamba mama yangu angewapenda, na kwamba anamaliza kuni kwa sababu ya mchanga. Nilikuwa bado natafuta pa kuanzia wakati bibi mmoja mwenye chanja aliposema, "Mwache mwanangu. Huyu ukimngoja ajibu, dagaa watarudi baharini."

"Basi nitakwenda kwao nikaone mwenyewe," akasema dada mtafiti. "Nije?"

Nikaitikia kwa kichwa. Bibi akamshika mkono na kumwambia aende kweli, kwa sababu vuli ikifika ni lazima wajue kama wanaongeza chanja au wanazivunja kuni. Hapo nikaelewa kwamba si mimi peke yangu niliyekuwa nahesabu kwa vuli.

Alikuja mwezi wa saba, wakati ukungu unaposhuka mlimani na kukaa kwenye migomba mpaka karibu saa sita. Aliteremka kwenye basi Kikatiti akiwa amevaa sweta mbili, na magunia ya dagaa wa chanja yakateremshwa nyuma yake. Nilimpandisha nyumbani. Alipofika uani alimwamkia babu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona unatetemeka? Unaumwa?"

"Baridi, babu. Kwetu baridi hii ingetangazwa redioni."

Babu alifurahi sana. Siku nzima alimweleza kila aliyepita kwamba mgeni wa pwani ameshindwa na ukungu tu, bado hajaona mvua.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Siku ya gulio tungepika sufuria mbili, moja ya dagaa wa mchangani na nyingine ya dagaa wa chanja. Watu wangeonja zote bila kuambiwa ipi ni ipi, kisha kila mmoja angetia harage moja kwenye kopo la sufuria aliyoipenda. Mpishi angekuwa mama, kwa sababu mapishi ya mama yalijulikana mpaka kule Maji ya Chai. Asubuhi ya gulio dada mtafiti alitangulia kwenda kupanga mabenchi na makopo, nami nikabeba meza. Mama alibaki nyumbani kuandaa dagaa.

Watu walikuja wengi, kwa kuwa chakula kilikuwa cha bure. Waliketi, wakaonja, wakaonja tena. Halafu nikasikia maharage yakianguka kwenye kopo moja tu. Lilikuwa la dagaa wa mchangani.

"Hii nyingine ni nini?" mama wa vitunguu aliuliza, akiinua kijiko kutoka sufuria ya dagaa wa chanja. Kijikoni hapakuwa na dagaa. Palikuwa na kitu cha kijivu kinachodondoka. "Mmetupikia uji?"

"Uji wa mgonjwa," akaongeza mwenzake. "Tena mgonjwa aliyekosana na mpishi."

Mzee mmoja alirudi kuonja sufuria zote mbili mara nyingi, ila harage lake hakulitia popote. Dada mtafiti akamuuliza kwa heshima, "Mzee, hujaamua?"

"Nimeamua," alisema mzee, akiliweka mfukoni. "Hili ni mbegu nzuri. Nitalipanda."

Tulicheka kwa sababu haikuwezekana kutocheka. Lakini tulipokuwa tunapandisha mlima na sufuria zetu, kicheko kilikuwa kimemwisha dada mtafiti. Aliniambia tu kwamba mtafiti hana ruhusa ya kupendelea. Kama watu wa Meru wamekataa, atakwenda kuwaambia akina mama wa Tanga kwamba wamekataa. Nilifikiria zile chanja zikivunjwa kuni. Nilifikiria gareji. Nilitaka kusema neno la kumtuliza, na kama kawaida tulifika nyumbani kabla halijatoka.

Kilichotuokoa kilikuwa baridi.

Kesho yake ukungu ulikuwa mzito, na mgeni alishindwa kukaa sebuleni kama ilivyopasa. Aliomba radhi akaingia jikoni, akaketi kwenye kigoda karibu kabisa na mafiga, mikono mbele kama anaombea moto. Mama alikuwa anatayarisha chakula cha kumuaga, na kwa kumpa heshima aliamua apike dagaa walewale alioleta. Nilikuwa nachanja kuni mlangoni. Nikamwona mama akiwamimina kwenye beseni na kuwamwagia maji yanayochemka, akasugua, akamwaga. Akamimina mengine.

Dada mtafiti aliangalia. Mwanzo aliangalia kama mtu anayeota moto, baadaye kama mtu aliyeona nyoka.

"Mama," alisema polepole, "unafua?"

"Naosha, mwanangu."

"Na jana uliwaosha hivi?"

"Jana niliwaosha zaidi. Si walikuwa wa wageni?"

Dada mtafiti alishika kichwa kwa mikono miwili, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na mama akaanza kucheka naye bila kujua sababu. Dagaa wale wa chanja walikuwa wameshachemshwa na kutiwa chumvi kulekule ufukweni. Walikuwa laini. Walihitaji mafuta na kitunguu tu. Maji ya kwanza yaliwatoa chumvi, ya pili yakawatoa ladha, na yaliyofuata yakawageuza uji. Wale wa mchangani walikuwa wamekauka kama vijiti juu ya mchanga wa moto, kwa hiyo walistahimili.

"Nimeuliza watu bei, nimeuliza rangi, nimeuliza ukubwa," alisema akijifuta macho. "Beseni sikuliuliza."

Akachukua dagaa mmoja mkavu kutoka guniani, akamtia mdomoni.

Mama aliacha kucheka. "Hapana! Mgeni ale kitu hakijaoshwa nyumbani kwangu? Watu watasemaje?"

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Mtu wa nje angeona beseni tu, lakini kwetu mwanamke alijulikana kwa maji anayomwaga. Kumwambia mama asioshe dagaa ilikuwa kama kumwambia asifagie uwanja siku ya ugeni. Dada mtafiti akasogeza kigoda chake karibu naye.

"Mama, hawa wameoshwa. Wenzio kule wamewaosha, wamewachemsha, wamewaanika juu ambako hata kuku hafiki. Wanawafunika usiku. Ukiwaosha tena, unaosha kazi yao."

Mama aliutazama mkono wake uliokuwa bado majini. Alimjua mtu anayerudia kazi ya mwenzake. Kwetu huyo huitwa mdharau watu. Akautoa mkono, akaufuta kwenye kanga. Halafu akachota dagaa wakavu kutoka guniani kwa bakuli, akawapuliza mara moja kwa ajili ya dhamiri yake, akawakaanga na kitunguu na nyanya.

Tulikula. Hakuna aliyeacha kutafuna. Hakuna aliyetazama juu. Mdogo wangu alitafuta mchanga kwa uangalifu mkubwa, sahani nzima, na alipoukosa kabisa akaonekana kusikitika.

"Sasa," dada mtafiti alisema, "nani atawaambia watu gulioni?"

Wote wakanitazama, kisha kwa huruma wakatazama pengine.

Aliahirisha safari, na gulio lililofuata akasema mwenyewe. Kiswahili chake kilikuwa kizuri mno, kimenyooka, kila neno mahali pake, na nadhani hilo ndilo lililowatia watu shaka. Kwetu mtu anayeongea vizuri kiasi hicho huwa anauza dawa.

"Tusioshe?" aliuliza mama wa vitunguu. "Dada, pwani mnakula na mchanga wake?"

"Hawana mchanga, mama."

"Dagaa asiye na mchanga! Na ng'ombe asiye na mavi yuko gunia gani?"

Watu walicheka, wakaanza kutawanyika. Niliona migongo yao. Niliiona vuli inakuja. Nilifungua mdomo kusema, neno likakwama palepale linapokwama siku zote. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, sikuweza kuufunga bure mbele ya watu. Nikachota konzi ya dagaa wa chanja kutoka guniani, nikaitia yote mdomoni, nikatafuna.

Mtu mmoja akasema, "Jamani, askari anakula mali!"

Waliorudi walirudi kuona. Niliendelea kutafuna, polepole, kwa meno ya nyuma, kama tulivyokuwa tukitafuna nyumbani tukiusubiri mchanga. Kila mtu pale alijua sauti ya mchanga menoni. Kila mtu alikuwa ameisikia kichwani mwake tangu utoto. Wakatega masikio. Mama wa vitunguu akaja, akainama, akaweka sikio kwenye shavu langu.

"Tafuna," aliamuru.

Nikatafuna.

"Tafuna tena. Upande huu."

Nikahamishia upande huo. Akasimama wima, akawatazama wenzake, uso wake umebadilika.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna mchanga! Njooni msikilize wenyewe!"

Wakapanga foleni. Nasema kweli, watu wazima walipanga foleni kusikiliza shavu langu. Nilichota konzi nyingine, na nyingine. Babu, aliyekuwa ameteremka kuuza tumbaku yake, alisukuma watu kwa fimbo, akaweka sikio, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko wote.

"Mimi sili," alitangaza. "Lakini masikio yangu yamekubali."

Kisha mama wa vitunguu akafanya jambo ambalo dada mtafiti alisema baadaye hakuna chuo ambacho kingelibuni. Alikwenda kwenye gunia langu la zamani, la dagaa wa mchangani, akachota, akatia mdomoni mwake, akauma. Sauti ikatoka. *Krrr.* Aliyekuwa mbali kabisa, kwenye ndizi, aliisikia.

"Hiyo imefika Usa River!" mtu akapiga kelele.

Kicheko kilichofuata kiliwafanya hata wanunuzi wa kahawa wasimamishe gari lao kuuliza kuna nini. Mama aliwasha jiko, akakaanga bila beseni. Safari hii maharage yalikwenda kwenye kopo la dagaa wa chanja. Yule mzee naye alirudi, akanyoosha mkono apewe lake.

"La juzi umelipanda?" dada mtafiti akamuuliza.

"Limeota," alisema, akalitia kwenye kopo. "Hili ni la shukrani."

Mpaka jua linapinda magunia yalikuwa matupu, yamekunjwa. Sikuwa nimesema hata neno moja, na taya zangu ziliuma siku mbili.

Dada mtafiti alirudi pwani. Aliwapelekea akina mama habari mbili pamoja, kwamba Meru wamekubali, na kwamba kila gunia la kwenda bara liende na maelezo ya mapishi, la sivyo litafuliwa. Vuli iliponyesha, walikuwa wameongeza chanja. Niliziona nilipokwenda tena, zimejipanga juu ya ufukwe, na mvua ilipotishia wanawake walizifunika kwa turubai wakaendelea na soga zao. Bibi yule aliniona kwa mbali.

"Mkwe wa dagaa!" aliita. "Njoo utafune!"

Sikwenda Sokon I. Turubai langu lilibaki kati ya wale akina mama wawili, na mama wa dagaa wa ziwa akaanza kuniuliza kama chanja zingeweza kufaa na huko Mwanza. Wateja wapya walipokuja sikuwaita. Nilitafuna. Mama wa vitunguu ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yangu, na kila jioni nilimfungia kifurushi.

Nyumbani jambo moja tu halikwenda sawa. Jioni tuliporudi kutoka gulio lile la pili, mama kwa mazoea aliinjika maji. Yalipochemka akayamimina kwenye beseni, akasimama nalo katikati ya jiko, akalitazama. Akacheka peke yake, akatoka nje akayaacha yapoe, kisha akayamwaga kwenye mgomba.

Tulikula vizuri. Tulipomaliza, sahani zilikaa katikati yetu, na hakuna aliyekuwa amepata mchanga. Tulitazamana. Mdogo wangu aliweka mkono shavuni.

"Kapata?" mama aliuliza.

"Nimepata mfupa," alisema bila matumaini.

"Mfupa haumo kwenye sheria," alisema mama, akamsogezea sahani na beseni.